Jina Chini ya Picha: Niliyojifunza Katika Kusaini Nakala za Sanaa

Nakala zangu huzisaini kwa penseli, kwenye pambizo jeupe la chini, upande wa kulia, milimita chache tu kutoka ukingo wa picha. Nyuma ya karatasi huandika maelezo marefu zaidi, ambayo mwenye picha atayahitaji siku atakapotaka kuiuza, kuirithisha au kuipeleka kwa fundi. Kazi yenyewe haichukui muda, lakini kila sehemu yake inategemea jambo lililoamuliwa kabla: aina ya karatasi, aina ya wino, upana wa pambizo, namna fundi fremu atakavyoifunga picha, na ahadi niliyompa mnunuzi kuhusu idadi ya nakala. Ninawaandikia wapiga picha wenzangu wa Zanzibar na kwingineko ambao wameanza kuchapisha kazi zao kwenye karatasi nzuri na kuziuza kama sanaa, kwa sababu wengi wao huniuliza nitumie kalamu gani, ilhali swali la kalamu ndilo la mwisho katika mlolongo mzima.

Kuandika jina kwenye picha si jambo geni hapa visiwani. Kadi za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka studio kama za A. C. Gomes na Pereira de Lord zina jina la studio lililopigwa chapa kwenye kadi yenyewe. Majina hayo yalikuwa ya biashara, yakimwonyesha mteja mahali pa kurudi kuagiza nakala nyingine, na hakuna aliyeyachukulia kuwa saini ya msanii. Hata hivyo, anayezishika kadi hizo leo ataona jambo la maana. Karatasi za albamini za wakati ule, yaani karatasi za picha zilizopakwa ute wa yai, zilikuwa nyembamba na zenye kujikunja, kwa hiyo zilibandikwa kwa gundi juu ya kadi nene, na jina lililo kwenye kadi haliwezi kuachana na picha bila kitu kuchanika. Jina na picha vilikuwa kitu kimoja. Kwangu mimi hilo ndilo sharti la kwanza la saini yoyote: iwe juu ya kitu kisichoweza kutenganishwa na picha.

Sharti hilo ndilo wanalolisahau wanaowaiga mabingwa wa zamani bila kutazama walivyofanya kazi. Ansel Adams wa Marekani, aliyefariki mwaka 1984, alizoea kusaini kwa penseli kwenye kadi iliyo chini ya picha, na wengi wakiona hivyo nao husaini kwenye kadi. Lakini Adams aliigandisha picha yake juu ya kadi kwa mashine ya joto, ikashikamana nayo moja kwa moja. Kadi tunayoitumia sisi leo ni nyingine kabisa. Ni ile yenye dirisha, ambayo fundi huiweka kati ya picha na kioo ili picha isigusane na kioo, na imekusudiwa kubadilishwa ikichakaa, ikiota madoa ya unyevu au mwenye nyumba akitaka rangi nyingine. Ukiweka saini yako juu ya kadi ya namna hiyo, siku itakapobadilishwa saini itatupwa pamoja nayo, na picha itabaki bila jina. Nimeonyeshwa picha za wenzangu zilizofikwa na hali hiyo, na mwenye picha hana namna ya kuthibitisha kwamba ni nakala halali isipokuwa kwa maneno ya mdomo.

Saini iliyo kwenye karatasi ya picha nayo haiko salama kama fundi hajaelezwa. Mteja wangu mmoja alinunua nakala, akaipeleka mwenyewe kwa fundi aliyekuwa na fremu iliyokwisha kutengenezwa, na fundi huyo, kwa nia njema kabisa ya kuifanya picha ienee, akakata pambizo zote nne kwa kisu na rula hadi kwenye ukingo wa picha. Saini, namba ya nakala na mwaka vilibaki sakafuni pamoja na vipande vya kadi. Kazi ya fundi ilikuwa safi mno, kona zimekutana vizuri, na mteja aliridhika mpaka aliponiuliza mbona sikuisaini. Tangu hapo kila nakala inayotoka kwangu huambatana na kijikaratasi cha maneno machache kwa fundi: usikate pambizo, usibandike kwa gundi, acha saini ionekane. Pia ndiyo sababu kubwa ya kurudia maelezo nyuma ya picha, kwa kuwa kisu kinachokata pambizo hakifiki huko.

Pambizo basi huamuliwa kabla printa haijawashwa. Karatasi ninayoitumia zaidi ni ya ukubwa wa A3+, yaani milimita 329 kwa 483, na picha ya mlalo juu yake huiweka sentimita 26 kwa 39. Naisogeza juu kidogo ili pambizo la chini lipate sentimita karibu 4 na la juu libaki na 3. Fundi humwambia akate dirisha la kadi liwe kubwa kuliko picha, sentimita 1 juu na pembeni, na sentimita 2 chini, ili ukanda mweupe wa karatasi uonekane kuizunguka picha na saini isomeke vizuri ndani ya ukanda huo. Kuna wapiga picha wanaopenda picha ijaze karatasi yote bila pambizo, na sina ugomvi nao, lakini wakubali kwamba saini yao itakuwa nyuma. Kusaini juu ya picha yenyewe mimi sikubali, hasa kwa kalamu ya maka yenye rangi ya fedha au dhahabu juu ya anga la jioni. Macho ya mtazamaji huenda kwenye jina kabla ya kwenda kwenye jahazi, na kazi yote ya kupanga mwanga inakuwa imeharibiwa na mwenyewe.

Sasa penseli. Karatasi ya pamba isiyong'aa, kama ile ya kampuni ya Hahnemühle ya gramu 308 kwa mita ya mraba ambayo wengi wetu tunaifahamu, ina uso wenye nyuzi unaoipokea risasi ya penseli vizuri sana. Risasi hiyo ni grafiti, ambayo ni kaboni, iliyochanganywa na udongo: haipaushwi na jua, haivuji ikipata unyevu, haina asidi ya kuila karatasi, na anayejaribu kuifuta huacha nyuzi zilizochubuka ambazo jicho lenye uzoefu huziona mara moja. Kwa sababu hizo wachapaji wa michoro ya mbao na ya shaba wameizoea kwa vizazi, na wapiga picha wameirithi kwao pamoja na mpangilio wake: namba ya nakala kushoto, jina la kazi katikati kama lipo, saini kulia.

Mimi hutumia HB. Penseli ngumu kuliko hiyo huchimba karatasi na kuacha mfereji unaoonekana hata upande wa pili, na iliyo laini sana huacha vumbi jeusi linalochafua pambizo. Nikishaichonga, naizungusha ncha yake juu ya kipande cha karatasi mpaka ukali wake uvunjike. Naiweka nakala juu ya kioo kinene kilichofutwa, naifunika picha yote kwa karatasi safi ili kiganja kisiiguse, nabakiza pambizo la chini tu, kisha nasaini kwa mkono mwepesi, herufi zisizozidi urefu wa nusu sentimita. Chembe zikibaki huzipuliza kwa kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi, kwa sababu ukizipangusa kwa kidole umekwisha kuchora wingu la kijivu. Wakati wa masika, hewa ya Unguja ikiwa nzito kwa unyevu, karatasi ya pamba hulainika na kujikunja kidogo, na penseli ile ile ambayo mwezi wa Januari iliteleza huanza kuzama. Msimu huo hufunga madirisha, nawasha kiyoyozi, naziacha karatasi zitulie humo kwanza, ndipo ninaposaini. Wenzetu wa sehemu zenye hewa kavu hawana haja na haya.

Karatasi zinazong'aa ni habari nyingine. Zile zenye tabaka la plastiki, ambazo studio nyingi za mjini huchapishia picha za harusi, hazishiki penseli mbele wala nyuma. Karatasi za barita, ambazo zina uso wa kung'aa kidogo juu ya nyuzi halisi, hushika penseli kwa shida mbele lakini nyuma huwa sawa. Hapa ndipo kalamu inapohitajika, na kalamu yenyewe iwe ya wino wa pigmenti, yaani rangi ya chembe zisizoyeyuka, kama zile kalamu za Pigma za kampuni ya Sakura ya Japani ambazo wachoraji wa ramani na majengo wanazijua. Bolpeni ya kawaida ina makosa mawili kwa pamoja: wino wake hupauka kwa jua, na gololi yake hukandamiza karatasi kiasi kwamba ukiiandika nyuma, jina lako linatokeza mbele kama mshono. Maka za kuandikia kwenye maboksi nazo zina kiyeyushi kikali kinachoweza kupenya taratibu na kuibuka upande wa picha kama doa la manjano au la zambarau.

Kabla ya kuiamini kalamu yoyote mpya, maandishi ya pakiti huyaweka kando na kuijaribu mwenyewe, na kwa hilo jua letu ni msaada mkubwa. Nachukua kipande cha karatasi kutoka boksi lile lile nitakalochapishia, naandika jina mara kadhaa, naiacha ikauke usiku kucha, kisha nasugua mstari mmoja kwa pamba iliyoloweshwa maji. Kipande kinachobaki nakifunika nusu yake kwa kadi nyeusi na kukibandika kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana. Baada ya wiki chache unaondoa kadi na kulinganisha. Kalamu zinazosifiwa sana dukani, baadhi yake zimegeuka kahawia mbele ya macho yangu. Na hata kalamu iliyofaulu, nikishasaini nayo kwenye karatasi inayong'aa, nakala hiyo haiwekwi chini ya nyingine mpaka kesho yake, kwa kuwa wino ulio juu ya uso laini hukauka polepole na hupenda kuhamia kwenye mgongo wa karatasi iliyo juu yake.

Nyuma ya picha, chini kabisa pembeni na mbali na sehemu nyeupe za picha, huandika jina langu kamili kwa herufi za kusomeka, jina la kazi, mahali ilipopigwa, mwaka wa kupigwa, mwaka wa kuchapishwa, aina ya karatasi na wino, na namba ya nakala. Miaka miwili badala ya mmoja huwashangaza wanaoanza, lakini ndiyo inayoheshimika zaidi sokoni. Malick Sidibé wa Bamako, aliyepata Tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, alipiga picha za dansi za vijana katika miaka ya 1960, na nakala kubwa ambazo dunia inazijua zilichapishwa miongo mingi baadaye. Akazisaini kwa wino kwenye pambizo, akiandika kichwa na mwaka, na wauzaji wa leo hutaja mwaka wa picha na mwaka wa nakala kila kimoja peke yake. Nakala iliyochapishwa karibu na siku picha ilipopigwa huthaminiwa tofauti na ile iliyochapishwa miaka 40 baadaye, na anayeandika mwaka wa kwanza tu anamwacha mnunuzi adhani anachotaka kudhani.

Huulizwa pia kama ni haki kusaini nakala iliyochapwa na mtu mwingine. Mpiga picha wa Ufaransa, Henri Cartier-Bresson, hakuwa akijichapishia picha zake. Aliwaachia mafundi wa chumba cha giza mjini Paris, na bado alisaini kwa wino kwenye pambizo, mara nyingi pamoja na muhuri mkavu wa kubonyeza usio na wino upande wa pili wa pambizo hilo. Saini yake ilikuwa inasema kwamba ameiona nakala hii na ameikubali. Ndivyo nami ninavyoichukulia. Nikipeleka faili kwa mchapaji wa Nairobi au Dar es Salaam kwa sababu ya ukubwa ambao printa yangu haiumudu, sisaini kitu mpaka nakala imefika mikononi mwangu na nimeitazama kwenye mwanga wa mchana. Kuna mteja wa hoteli aliyewahi kuniomba nimtumie karatasi tupu zilizosainiwa ili achapishiwe hukohuko aliko, aokoe gharama ya kusafirisha. Ni sawa na kutoa hundi isiyojazwa, nikamkatalia.

Kuhusu namba ndipo ninapoona wenzangu wanacheza na moto. Ukiandika 3/15 umetoa ahadi kwamba hazitakuwapo nakala zaidi ya 15, na ahadi hiyo ina maswali ndani yake: 15 za ukubwa huu tu, au za ukubwa wote? Na ukibadilisha karatasi? Mwaka 2012 mkusanyaji wa Marekani, Jonathan Sobel, alimshitaki mpiga picha William Eggleston baada ya nakala mpya kubwa za kidijitali za picha zake za zamani kuuzwa kwenye mnada wa Christie's mjini New York, mnada ulioingiza dola milioni 5.9. Sobel alikuwa na nakala za toleo la awali lenye ukomo, zilizochapwa kwa njia ya zamani, na alidai kwamba thamani yake imeshuka. Mwaka uliofuata mahakama iliitupa kesi, ikiona kwamba nakala mpya ni toleo jingine. Kisheria Eggleston alishinda, lakini mimi siuzii matajiri wa New York. Mnunuzi wangu ni mwalimu, daktari au mgeni aliyekaa hapa muda mrefu, na akigundua kwamba kile alichodhani ni kimoja kati ya 15 sasa kipo pia kwa ukubwa mwingine kwenye ukuta wa mgahawa, hatanunua tena na atawaambia jamaa zake.

Kwa hiyo idadi yangu hujumuisha ukubwa wote na karatasi zote. Nimeupata mpango huo kwa sehemu kutokana na sheria za Ulaya, ambako baadhi ya kazi zangu huenda. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu kodi ya ongezeko la thamani huitambua picha kuwa kazi ya sanaa ikiwa imepigwa na msanii, imechapwa na yeye mwenyewe au chini ya usimamizi wake, imesainiwa na kupewa namba, na nakala zake hazizidi 30, za ukubwa wote na za aina zote za karatasi kwa pamoja. Nakala isiyo na saini wala namba huweza kuhesabiwa huko kuwa bidhaa ya kawaida. Mstari mmoja wa penseli unaweza kubadilisha hesabu ya forodha, jambo ambalo linafaa kukumbukwa na yeyote anayeona kusaini ni mapambo. Nakala mbili nje ya hesabu hiyo ya mauzo huziwekea alama ya nakala za msanii na kubaki nazo, moja kwa maonyesho na moja kwa familia, lakini katika ule ukomo wa 30 nazo huzihesabu. Kila nakala inapotoka huingizwa kwenye daftari la karatasi, si la kompyuta pekee, likiwa na namba, tarehe, ukubwa na mnunuzi.

Picha zilizogandishwa nyuma ya akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, au zilizochapwa kwenye turubai na kuvutwa kwenye mbao, hazina pambizo la kusainia. Hizo hupata lebo ya karatasi isiyo na asidi, iliyosainiwa na kubandikwa mgongoni, pamoja na cheti chenye namba ileile. Si suluhisho ninalolipenda, kwa kuwa lebo hubanduka, lakini sijaona lililo bora zaidi.

Kuhusu umbo la saini yenyewe, nina ushauri mmoja ambao hauhusiani na sanaa: usiweke kwenye picha saini ile ile unayoitumia benki. Picha itaning'inia ukumbini, itapigwa picha na wageni, itasambaa kwenye simu, na saini yako ya hundi itakuwa wazi kwa kila mtu. Chagua nyingine, isomeke, kisha uishikilie miaka yote bila kuigeuzageuza, kwa sababu anayekuja kulinganisha nakala mbili baadaye atatazama mkono. Baadhi ya wazee wetu huandika majina yao kwa herufi za Kiarabu, na saini ya namna hiyo kwenye pambizo naiona nzuri kabisa. Waandike tu jina kwa herufi za Kilatini nyuma ili msomaji wa mbali asipotee.

Lililobaki ni la baada yangu, na nimeliandika mapema. Mpiga picha wa Marekani, Diane Arbus, alipofariki mwaka 1971, nakala zilizochapwa baadaye kutoka negativu zake zilichapwa na Neil Selkirk, zikapigwa muhuri nyuma na kusainiwa na binti yake Doon kwa jina lake mwenyewe, kwa hiyo hakuna anayeweza kuzichanganya na zile alizozichapa Arbus. Wanangu nimewaelekeza vivyo hivyo: asiandike mtu jina langu kwa mkono wake, nakala zitakazochapwa zipigwe muhuri wa familia nyuma na kuandikwa mwaka wake wa kuchapwa, na picha ambayo daftari linaonyesha kwamba nakala zake zimekwisha isichapwe tena kwa ajili ya kuuza. Muhuri huo umekwisha kuchongwa na umo kwenye droo moja na daftari, pamoja na kichupa cha wino wa pigmenti ambacho mmoja wao atalazimika kukibadilisha kila kikikauka.